Boksi la Waridi Siku ya Kipaimara

Harufu ya poda ile ilikuwa kama pipi iliyodondokea kwenye sabuni ya kuogea, na mpaka leo nikikutana nayo mahali, hasira hunipanda kabla sijajua nimemkasirikia nani. Watu wakisimulia utoto wao wa huku kwetu hupenda kuanza na maua ya kahawa, jinsi yanavyonukia asubuhi mvua ikiwa imekatika na Mlima Meru umefunguka mpaka kileleni. Maua hayo hata mimi nilikuwa nayo. Yaliizunguka nyumba yetu kule juu ya Tengeru pande zote, yakiingia mpaka dirishani. Lakini mwaka niliopata kipaimara, nikiwa na miaka kumi na minne, sikuyanusa hata siku moja, kwa sababu pua yangu yote ilikuwa kwenye boksi la rangi ya waridi lenye picha ya mwimbaji.

Jina lake silitaji, nisije nikamtangazia biashara bure. Inatosha kusema kwamba mwaka ule hakukuwa na redio iliyomaliza saa nzima bila sauti yake, na kila kinyozi alikuwa na picha yake ukutani. Alikuwa na hereni pana za duara zilizomfika mabegani, utepe mwekundu uliobana nywele zote nyuma, midomo ya zambarau, na uso laini, mweupe kuliko wa mtu yeyote niliyewahi kukaa naye jirani. Kisha yakaja maboksi. Ndani ya kila boksi mlikuwa na poda, rangi ya mdomo, wanja, chupa ndogo ya marashi, utepe na zile hereni, na juu ya kifuniko alikuwa yeye, akikutazama kana kwamba mmepatana jambo. Darasa letu la kipaimara lilikuwa na wasichana tisa. Mwinjilisti akituuliza amri ya sita tulikuwa tunababaika, lakini nyimbo za yule dada tulizijua mpaka pale anapovuta pumzi.

Mimi nilikuwa naishi na Bibi, mama yake mama yangu. Nililala chumbani kwake, nikamkatia ng'ombe wake majani, nikamshika mkono akienda kanisani. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, akabaki anaona mwanga na vivuli tu, lakini ole wako umwambie haoni. Wajukuu wake alitutambua kwa pua. Ukiingia alikuvuta kichwa, akanusa utosi, akataja jina lako, na hakukosea. Mimi aliniambia nanuka moshi, maziwa na majani mabichi, na alilisema hilo kama sifa. Basi Bibi alikuwa na desturi yake: kila mjukuu akipata kipaimara, alimwekea mkono kichwani mbele ya watu, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, akamwombea kwa Kimeru maneno ambayo yeye aliyapata kwa bibi yake. Mara moja tu, hakurudia. Dada na binamu zangu wote walikuwa wamekwisha kubarikiwa hivyo, na nilikuwa nimebaki mimi, wa mwisho. Kwa sababu nilikuwa wa mwisho, na kwa sababu nilikuwa macho yake, aliniahidi na kanga aliyofunikwa yeye mwenyewe siku ya kipaimara chake. Ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Tangu nikiwa na miaka sita nilikuwa nalivuta lile sanduku nijue tu kama bado ipo. Hakuna kitu nilichokitaka duniani kama kanga ile na yale maneno.

Halafu nikalitaka na boksi. Pale sokoni Tengeru alikuwepo mama mmoja wa mali kwa mali, wale wanaokupa beseni la plastiki ukiwapa nguo kuukuu, na mwaka ule alianza kubeba maboksi pamoja na mabeseni. Wasichana wanane tukachangiana nguo kuukuu za kutosha boksi moja. Mimi nilitoa sweta langu la kukatia majani, lile lililokuwa limekolea moshi na maziwa. Wa tisa alikuwa Neema wa shamba la jirani, ambaye baba yake alisema mtoto wake akipaka vitu vile asirudi nyumbani. Tulimcheka wiki nzima. Tulimwita mama mchungaji, tukamwambia siku hiyo akae mwisho wa mstari asituharibie picha.

Nakumbuka tulivyolifungua boksi nyuma ya darasa la chekechea. Ile picha ya mwimbaji ilikuwa imebandikwa tu kwa gundi, na kona moja ilipobanduka, chini yake alitokea mwanamke mwingine kabisa, Mzungu mwenye nywele za rangi ya mahindi. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza poda iliyomo ndani ilitengenezwa kwa ajili ya uso wa nani. Sisi tulilamba kidole tukaibandika kona irudi. Jambo hili hunikera kuliko mengi: tuliona, kwa macho yetu mazima tuliona, tukajifanya hatukuona.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na uwanja wa kanisa ulikuwa tope jekundu lililomwagiwa maganda ya kahawa ili watu wasiteleze. Poda ilikuwa rangi moja tu, tukapakana wote nane, Judi akishika kifuniko ili tufuatishe picha. Judi ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, hatukumbishia. Kioo kilikuwa kidogo mno, kila mmoja aliona jicho au mdomo, hakuna aliyeuona uso mzima. Hereni tuligawana upande mmoja mmoja kwa wawili waliobahatika, mimi nikiwamo. Utepe ulikatwa vipande vinane. Marashi yalimalizika yote. Tulipoingia kanisani na magauni yetu meupe, watu waligeuka, nasi tukadhani wametupenda. Nimeiona picha ya siku ile mara nyingi mno. Tumekaa kama watoto walioanguka kwenye gunia la unga, nyuso za kijivu, shingo nyeusi, midomo ya zambarau. Ukiniuliza yupi ni mimi, lazima nitafute hereni.

Baada ya ibada tulipangwa mstari nje kwa ajili ya picha, na wazazi wakaanza kuja na mataji ya maua na kanga. Mama alikuwa amemshika Bibi, lakini akaitwa kwenye masufuria ya machalari, zile ndizi na nyama za sherehe, akasita. Bibi akamtoa mkono. “Nenda,” alimwambia, “wangu namjua.” Akaja peke yake na fimbo yake, kanga imekunjwa kwapani, akaanza mwanzo wa mstari. Alimvuta Judi kichwa, akanusa, akamwacha. Akamvuta wa pili, akamwacha. Nilikuwa wa tano. Mikono yake iliponigusa niliijua kila kovu. Aliweka pua utosini kwangu, akavuta pumzi, akangoja, akavuta tena. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye paji la uso wangu, akakisuguasugua na kidole cha pili, akasikia ile poda. “Huyu ni wa nani?” akauliza, si kwangu, kwa hewa tu, akapita.

Nilitakiwa kusema neno moja. Neno moja tu: Bibi. Mpiga picha alikuwa ametuambia tusitikisike, tufumbe mdomo ili rangi isiguse meno, na kwa miaka mingi nilikuwa najitetea kwa huyo mpiga picha. Ukweli ni kwamba aliponipita nilifurahi. Kwa muda wa pumzi mbili tatu hivi nilifurahi kwamba mimi si yule mtoto wa majani na moshi, kwamba hata Bibi mwenyewe ameshindwa kunijua. Nilipokuja kushtuka alikuwa amefika mwisho wa mstari, kwa Neema, ambaye mama yake alimpaka samli asubuhi na kumchemshia chai kwenye jiko la kuni. Bibi akanusa mara moja. Uso wake ulifunguka. Neema alisema, “Bibi, mimi siyo,” naye akamwambia, “Nyamaza mtoto, nabariki.” Mate yakatua, mkono ukakaa kichwani, yale maneno ya Kimeru yakatoka yote mbele ya watu, polepole, mpaka mwisho, kisha kanga ikafunguliwa ikamfunika Neema mabega. Ndipo nikalia, na machozi yakachimba mifereji kwenye poda, na mpiga picha akapiga.

Nyumbani nilimpigia Bibi magoti, nikamwambia aliyembariki hakuwa mimi. Hakukubali. Alikasirika, tena sana. Alisema alinishika, alininusa, nilikuwa nanuka moshi na samli, na kwamba anayetaka kumfanya kipofu mbele ya wageni atoke nje. Mama akanikonyeza ninyamaze. Jioni ile familia nzima ikaamua, bila kikao, kwamba Bibi asiambiwe tena. Kwa hiyo niliambiwa nimshukuru. Nikamwambia, “Ahsante Bibi kwa baraka,” naye akajibu, “Ikutunze.” Neema alirudisha kanga kesho yake, maskini, ameikunja vizuri kabisa, lakini Mama alimrudisha nayo mlangoni, kwa sababu kitu kilichotolewa na mate hakirudi, na hilo kila mtu kwetu anajua. Bibi aliishi miaka minne zaidi. Wiki ya mwisho aliniuliza kama kanga yake naivaa, nikamwambia naivaa.

Siku hizi nina duka la vipodozi mjini, Kimandolu. Najua, hata dada zangu hunicheka. Nina poda za rangi kumi na mbili, na yangu ipo, ya tisa kutoka juu, na sijawahi kuipaka. Yule mwimbaji alikwisha zamani, sasa ni zamu ya wengine, na maboksi yana nyuso zao, za kupigwa chapa, siyo za gundi tena. Wanaponiletea mzigo nakagua kona za vifuniko kwa ukucha, nisijue hata natafuta nini. Neema anaishi Lemara. Tunasalimiana vizuri, watoto wetu wanasoma pamoja, na akinikuta kwenye msiba wowote huwa hajavaa ile kanga, najua ni kwa ajili yangu, na hilo nalo linaniudhi. Nimechoka kuhurumiwa kwa kitu nilichokitupa mwenyewe.

Binti yangu atapata kipaimara mwaka huu. Nilijiapiza kwamba cha kwake nitakifanya sawasawa, hata kama maneno yale siyajui, nitaweka mkono na kusema yangu. Wiki iliyopita alitoka chumbani amejipaka vya boksi jipya kutoka dukani kwangu, na kwa kweli alipendeza, poda ilikuwa ya rangi ileile ya ngozi yake. Akainamisha kichwa mbele yangu. “Mama, nanukia?” Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikaweka pua utosini. Nikavuta pumzi, nikapata harufu ya ua. Nikavuta tena, ua. Mara ya tatu nilifumba macho na kuvuta taratibu mpaka kifua kikajaa. “Unanukia,” nikamwambia, naye akacheka akakimbilia kwenye kioo, na mwanangu nilikuwa sijampata.