Kiwiko cha Mpika Halua

Msinichekeshe na halua za siku hizi! Mngeonja ya baba yangu, Msabah, enzi zile za sitini na tisa pale Malindi, mngenyamaza. Saa tatu nzima anakoroga sufuria la shaba kwa mwiko mrefu, bila kupumzika, kwani halua ukiiwacha kidogo tu inashika chini. Wallahi nnaikumbuka harufu ile mpaka leo.

Kiwiko cha mkono wa kulia kilianza kumuuma mwishoni mwa mwezi wa Rajabu. Sisi mabingwa wa barazani tukasema kateguka. Mama, Bi Shemsa, akamkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, mimi nikamfunga kitambaa. Asubuhi huyo, karudi kwenye mwiko.

"Baba, nenda spitali," namwambia.

"Mwanakheir, nani kaenda spitali kwa kiwiko? Nshapona."

Muongo! Kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa vishakufa ganzi. Alinyamaza, maana alijua akionekana mgonjwa mwiko utashikwa na mwengine.

Ramadhani ikielekea ukingoni, mwiko ukamponyoka, halua ikaungua. Ndipo akakubali kwenda. Daktari alimkunja mkono, akamnyoosha, akamgusa vidole. Akasema maumivu ya kukoroga aghalabu hupoa mtu akiupumzisha mkono.

"Lakini vidole vikifa ganzi, mkono ukilegea, kiwiko kikivimba na kupata moto au kikikataa kunyooka, usingoje, mzee. Mshipa wa fahamu umebanwa muda mrefu huu."

Miezi miwili, na sisi tunakanda tu! Hasira zile sijazimaliza. Nguvu za vidole hazikurudi.

Kazi aliiwacha kwa subira. Kilichomvunja ni tonge. Wali ulimmwagika mkononi kabla haujafika mdomoni, na kula kwa mkono wa kushoto hakutaka hata kusikia. Idi Kubwa ilipofika, wageni wamejaa, akajifungia chumbani na sahani yake na kijiko.

Mama hakubembeleza mtu. Alipita nyumba za jirani akiazima vijiko, akavipanga kwenye sinia la pilau, kisha akagonga mlango.

"Msabah! Watu wanakungoja, pilau linapoa!"

Akatoka. Akawakuta wajomba, wageni na watoto, kila mmoja kashika kijiko. Akakaa, akasema bismillahi, akala huku akilia, na sisi tukala naye.