Nusu Mzunguko wa Spana

Kama kuna mtu aliyewahi kulipwa mshahara kwa kucheza, basi ni Ivonne Galletti. Kwa miaka ishirini na tisa, kila mashine ya flipa iliyokamilika katika kiwanda kimoja nje kidogo ya Bologna, Italia, ilipita mikononi mwake: sanduku la miguu minne, kioo juu, na chini ya kioo gololi ya chuma inayokimbizana na taa na kengele. Aliisukuma mashine kwa nyonga, kama wanavyofanya wachezaji wa baa, kisha akaigonga muhuri. Nyonga hiyo siku hizi ni ya bandia. Husema ndiyo pensheni yake.

Kazi alipewa na Injinia Aurelio Malaguti, mkuu wa kiwanda, mwaka ambao viwanda vitatu vilimfungia mlango kwa kuwa alikuwa na mimba na hana mume. Injinia hakuuliza lolote, alimwambia aanze Jumatatu. Ivonne hajalisahau hilo. Mpaka leo kila Jumapili humpelekea tortellini, tambi zilizojazwa nyama, alizozikunja mwenyewe, na mzee, sasa ana miaka themanini na minane, huzikosoa moja moja huku akimaliza sahani.

Ndipo akatokea Tiziano, fundi wa kompyuta mwenye mvi za mapema. Yeye na wenzake wawili walitengeneza gemu la kompyuta la Lucciola, flipa aliyoibuni Injinia na iliyompa sifa. Waliiga kila kitu: uzito wa gololi, mnepo wa raba, mpaka mikwaruzo ya mbao. Walifuata michoro ya Injinia mwenyewe, wakalinganisha na Lucciola moja iliyobaki kwa tajiri mmoja aliyeikarabati na kuikaza kila bolti. Injinia alitembea mtaani kama bwana harusi.

Gemu likatoka, likapokelewa vibaya. Watu walisifu picha, wakasifu sauti, lakini wote waliowahi kucheza Lucciola ya kweli walilalamikia jambo moja: ukiisukuma, haiitikii. Mmoja aliandika kwamba ni sawa na kusukuma jokofu. Tiziano akapima upya mara mbili na vipimo vikagoma kubadilika. Injinia ndiye aliyeumia zaidi. Alimwambia Ivonne kwamba huenda mashine yenyewe haikuwa nzuri, watu walikuwa wanapenda ujana wao tu. Jumapili ile sahani ilirudi imejaa.

Ivonne alijua ubovu uko wapi tangu siku ya kwanza alipolijaribu lile gemu. Injinia aliamuru bolti za miguu ya mbele zikazwe mpaka mwisho, na aliyezigusa baadaye alifukuzwa. Lakini Ivonne aliona mashine ikikazwa hivyo inakufa ganzi. Basi kabla ya muhuri alikuwa akichomoa spana kwenye aproni na kuzilegeza nusu mzunguko. Kusema sasa ni kumwambia mtu aliyemwokoa kwamba sifa zake zilitoka kwenye aproni ya mwingine. Kunyamaza ni kumwacha afe akiamini alishindwa. Alizungukwa na mawazo hayo siku nne, halafu akaenda kwa Injinia pamoja na Tiziano, ili asipate nafasi ya kukimbia.

"Injinia, nilikuwa nalegeza bolti za mbele," alisema kabla hajakaa. "Nusu mzunguko."

"Za mashine gani?"

"Lucciola zote."

Mzee alimtazama mpaka Tiziano akaanza kuangalia viatu vyake.

"Ungeniambia wakati ule, ningekufukuza."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

Ivonne alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba amempoteza. Jumapili hakwenda. Iliyofuata pia hakwenda. Wiki ya tatu Tiziano alimpigia simu: gemu limerekebishwa kwa ule nusu mzunguko, limetoka tena, na Injinia anamtaka aje, upesi.

Alimkuta mzee mbele ya kompyuta, miwani puani. Bila salamu alimwonyesha kiti, akamwamuru Tiziano asome yaliyoandikwa na wachezaji tangu jana.

Tiziano akaanza. Mtu wa Ferrara aliandika kwamba ameisukuma Lucciola ikamwitikia, na machozi yamemtoka mbele ya wajukuu. "Asante sana, Injinia Malaguti."

"Soma vizuri," alisema mzee.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Injinia."

"Amekosea jina, maskini, hajui. Soma vizuri."

Tiziano alimtazama Ivonne, akakohoa kidogo. "Asante sana, Ivonne Galletti."

Asante ya pili ilitoka Modena, ya tatu kwa mama mmoja wa Rimini aliyechumbiwa kando ya mashine hiyo. Kufika ya nne Tiziano hakuhitaji tena kukumbushwa. Ivonne alikuwa amejifunika uso kwa mikono, akiwaomba waache, inatosha sasa.

"Zimebaki mia mbili na kitu," Injinia akamwambia Tiziano. "Endelea."