Meinir na Basi la Harusi

Meinir Pugh alikuwa dereva wa basi la shule katika mji wa Bethesda, kaskazini mwa Wales, na hapakuwa na mtoto wa pale ambaye hajawahi kukemewa naye kupitia kile kioo kidogo cha juu ya usukani. Alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa na mikono mizito, uso umeiva kwa upepo, na kicheko chake kilianza chinichini halafu kikamshinda nguvu. Kila kiangazi, wenzake walipotawanyika kwenda pwani na ng'ambo, yeye alibaki. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na Meinir, mtoto wa pekee, asiye na mume wala mwana, ndiye aliyekuwa mikono yake na miguu yake. Hakulalamika. Ukimpa pole, alikuuliza pole ya nini.

Mama akafariki wakati wa baridi. Kiangazi kilipoingia na shule zikafungwa, Meinir alikuwa ameshapaka rangi jiko lake mara mbili, na alikuwa anatafuta sababu ya kulipaka tena. Hapo ndipo rafiki zake wawili walipomvamia.

Rafiki hao alikuwa akiogelea nao ziwani kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Eluned alikuwa mjane mwenye duka la mikate, na mdomo wake haukuwa na mlango. Dilys alikuwa muuguzi mstaafu, mwembamba kama fito, mwenye gari la safari lenye vitanda na jiko ndani, gari alilolipenda kuliko ndugu zake.

"Tunakwenda kuzunguka," alisema Eluned, akiketi kabla ya kukaribishwa. "Tunapanda hadi Scotland, tunavuka Ireland, tunarudi kwa huku chini. Mwezi mzima. Funga mizigo."

"Mimi? Na nyanya zangu atazimwagilia nani?"

"Nyanya na zife. Usife wewe."

"Ila nina sharti," Dilys akadakia, kidole juu. "Usukani hugusi. Umeendesha watu maisha yako yote. Safari hii wewe ni abiria. Unakaa, unatazama dirishani, unakula biskuti."

Meinir alikubali, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Maana Dilys aliendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai barabara ikinyooka, na kama mwizi anayekimbizwa barabara ikipinda. Meinir, aliyeketi pembeni yake, alikuwa akikanyaga sakafu kila kona, akitafuta breki ambayo haikuwepo.

"Wee! Utatoboa gari langu!"

"Ulimwona yule wa baiskeli?"

"Nilimwona."

"Na yeye alikuona, masikini. Nilimwona anaungama dhambi zake."

Eluned kule nyuma alicheka mpaka akamwaga chai.

Kwenye maziwa ya kaskazini mwa Uingereza mvua iliwanyeshea siku zote walizokaa, na wao wakaogelea vilevile, kwa kuwa mtu akishalowa hana tena cha kuogopa. Scotland jua lilitoka, na pamoja na jua wakatoka visubi. Jioni moja bondeni, wakikaanga soseji nje, wadudu hao waliwashukia kama wingu. Eluned akatoa soksi zake ndefu za nailoni, akawagawia, kila mmoja akajivika kichwani mpaka shingoni. Wakakaa hivyo wamezunguka kikaango, nyuso zimebonyea kama majambazi wa benki. Akapita mzee na mbwa wake, akawatazama, akavua kofia, akasema kwa heshima zote, "Jioni njema, akina mama," akaendelea na safari yake.

Meinir alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Alicheka hadi machozi, mbavu zikamuuma, soksi ikamwingia mdomoni. Kisha ghafla akanyamaza, kama mtu aliyefumaniwa anadokoa mboga jikoni. Alikuwa hajacheka namna ile tangu mazishi.

Dilys aliona. Aligeuza soseji, akasema bila kumtazama, "Cheka tu, mwenzangu. Mama yako alikuwa mcheshi kutushinda sisi sote. Nilipokuwa namchoma sindano alikuwa ananiita mbu."

Usiku ule Meinir alilala fofofo.

Wakavuka bahari kwa feri, wakaifuata pwani ya kaskazini ya Ireland hadi Donegal, nchi ya milima ya kijani na kahawia, ambako ukiuliza njia utapewa kwanza chai. Asubuhi moja ya Jumamosi walisimama kwenye kijiji kimoja kununua mikate ya bekoni. Mbele ya duka palikuwa na basi jeupe la zamani, limefungwa utepe, na ndani yake wamejaa watu waliovalia vya harusi. Nje, pembeni ya mlango, mwanamume wa makamo alikuwa amelala chali juu ya lami, suti yake nzuri, kamba moja ya kiatu haijafungwa.

Alikuwa ndiye dereva, na basi lilikuwa lake. Aliitwa Manus. Alikuwa ameinama afunge kiatu kabla ya kuondoka, mgongo ukakaza, na tangu hapo ukawa hauendi mbele wala haurudi nyuma. Dilys alishapiga magoti kando yake kabla hajaitwa.

"Hakijavunjika kitu," alisema baada ya kumpapasa. "Lakini huyu haketi leo."

"Na kanisa liko upande wa pili wa mlima," alisema mzee mmoja mwenye ua kifuani, jasho linamtoka. Ndiye Eunan, baba wa bibi harusi. "Magari madogo yote yameshatangulia. Nilimwambia huyu mtoto apande gari lenye maua kama wenzake. Hakutaka. Anataka basi, na watu wake wote."

Kwenye mlango wa basi alisimama bibi harusi mwenyewe, Gráinne, gauni limekunjwa mkononi, viatu vya mpira miguuni. "Baba, usianze. Nitatembea kama ni kutembea."

"Utafika umezeeka," alisema mama mmoja mnene wa kofia ya zambarau kutoka dirishani. Huyo alikuwa Nóra, shangazi wa bibi harusi, na baadaye ikaonekana kwamba alikuwa shangazi wa kila mtu. "Na bwana harusi atakuwa keshaoa mwingine."

Eluned alikuwa anatafuna mkate. Akameza. "Sisi tunaye dereva wa basi hapa!"

"Eluned, nyamaza," Meinir akanong'ona.

"Huyu hapa! Msimwone amesimama hivyo. Amepakia watoto wa shule wa milimani tangu nywele zake nyeusi, kwenye theluji na barafu, na hajapoteza hata mmoja, ingawa wapo aliotamani kuwapoteza!"

Basi zima likamgeukia Meinir. Hakuijua njia, hakulijua basi, na nyuma yake angebeba roho za ukoo mzima. Akamtazama Dilys, labda sharti lile lingemwokoa. Dilys akainua mabega. "Mimi nilisema gari langu. La watu sijalisemea."

Manus, palepale chini, akaomba leseni ya Meinir, akaishika juu ya uso wake, akaisoma. "Inatosha. Gia ya pili ni kaidi, dada, isukume kama unamfukuza mgeni aliyezidisha siku. Ila nami naenda. Njia ile siwezi kumwachia mtu peke yake."

"Utakwendaje, na hata kukaa huwezi?"

"Kwani kulala si naweza?"

Wakamwinua watu wanne, wakamlaza kiti cha nyuma kabisa, miguu ikachungulia kwenye ujia. Na kutoka huko, macho yake yakitazama dari, Manus aliiongoza safari kwa kumbukumbu.

Meinir akakaa. Akavuta kiti, akageuza kioo, akashika usukani, na mikono yake ikatulia yenyewe. Gia ya pili ikakataa. Akaisukuma kama alivyoelekezwa. Ikaingia, na wageni wa harusi wakapiga makofi.

"Kona ya kushoto inakuja!" Manus akapaza sauti. "Ina mti wa miiba! Umeuona?"

"Nauona!"

"Basi ukishaupita, punguza. Kuna kondoo wa Cathal pale, hawana adabu kama mwenyewe."

Kweli, kondoo walikuwa wamelala katikati ya barabara. Meinir akapiga honi. Akasogeza kioo cha dirisha, akatoa ile sauti ya kukemea wanafunzi, na kondoo wakanyanyuka mmoja mmoja kwa aibu.

"Mama wee," alisema Nóra, "hata mimi nimekaa vizuri."

Barabara ikapanda, ikawa nyembamba kama mshipi, mlima kulia, korongo kushoto, na chini kabisa mto uking'aa. Fidla zilizokuwa zikipigwa nyuma zikanyamaza. Na pale ambapo njia ilibana kuliko pote, likatokea gari la watalii likivuta nyumba ya magurudumu. Likasimama. Basi likasimama. Yule mtalii akatoka, akaitazama nyumba yake, akalitazama korongo, akakunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya mwisho.

"Hajui kurudi nyuma," Gráinne alisema taratibu.

"Basi turudi sisi," alisema Meinir.

"Kuna upana baada ya kona mbili," sauti ya Manus ikatoka kule kitini. "Usiangalie chini. Hata mimi siangalii."

Meinir akaingiza gia ya kurudi. Nóra akatoa rozari, akaanza Salamu Maria kwa kasi ya mnadani, na wengine wakamfuata. Basi likarudi nyuma shubiri kwa shubiri.

"Shangazi," Meinir aliita bila kutoa macho kwenye kioo, "punguza mwendo wa sala, nami nitapunguza wangu. Unanikimbiza."

Kicheko kikapita ndani ya basi, na sala ikaendelea polepole. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili, tairi la nyuma likakwangua majani ya ukingoni, na mtu fulani akamtaja marehemu bibi yake. Kisha basi likaingia kwenye ule upana kama kisu kwenye ala. Nyumba ya magurudumu ikapita pembeni, mtalii akipunga mkono hali amefumba jicho moja.

Basi zima likalipuka. Fidla zikaanza upya, Eluned na Dilys, walioliacha gari lao dukani na kujibanza katikati ya wapiga muziki, wakaongoza wimbo wa kwao kwa sauti mbili, na Meinir akaingiza sauti ya tatu pale usukanini. Alikuwa akiimba huku anashuka mlima, jua limejaa kioo cha mbele, na bahari imefunguka mbele yake yote kwa mara moja. Safari hii hakukumbuka kujikatiza.

Bwana harusi, Fintan, alikuwa mlangoni mwa kanisa amekwisha kung'ata kucha zote. Alipoona ni mwanamke asiyemjua anayeteremka usukanini alimkumbatia kwanza yeye, ikabidi padri amwelekeze.

Karamuni wakaketishwa meza ya familia. Walikula samaki, nyama ya kondoo na viazi vya namna ambazo Meinir hakujua kuwa zipo. Nóra alijaa kitini kando yake.

"Na mumeo umemwacha wapi?"

"Sikuolewa, shangazi."

"Ala! Umeponea chupuchupu. Njoo tucheze."

Wakacheza. Dansi za kule hazina huruma, mtu anapokezwa mtu kama gunia, na Meinir alipokezwa na vijana kwa wazee mpaka viatu vikamshinda akavivua. Jua la kiangazi halikuwa na haraka ya kuzama. Alipotoka nje kupunga upepo alimkuta Manus amelazwa juu ya benchi, glasi kifuani.

"Sikiliza," Manus alisema. "Mgongo huu hautapona mwezi huu. Nina watalii, nina wazee wa hija, nina harusi nyingine mbili. Kaa. Nyumba utapewa. Nakuhitaji kweli."

Neno hilo, nakuhitaji, ndilo lililomfungia Meinir nyumbani maisha yake yote, na kila mara alilijibu ndiyo kabla halijamalizika. Alitazama ndani. Eluned alikuwa amepanda juu ya kiti anafundisha watu wimbo wasiouweza. Dilys alikuwa anazungushwa na padri.

"Hapana, Manus," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Nimekuja kutembea na wenzangu. Hatujafika hata nusu."

Manus akacheka. "Basi nenda, dada. Nitamsumbua mpwa wangu, yule mvivu."

Kesho yake wakashika njia ya kusini. Waliogelea Connemara kwenye maji meupe kama kioo, wakapotea Kerry, wakanunuliana kofia za sufu zisizomfaa yeyote, wakagombana juu ya chumvi ya supu wakapatana kabla supu haijapoa. Ndani ya feri ya kurudi nyumbani Eluned alilala mdomo wazi, na wenzake wawili wakamwekea kijiko cha chai juu ya paji la uso, wakakaa wakikilinda kisianguke.

Mwezi wa kumi, siku ya upepo, mlango wa Meinir uligongwa. Alikuwa Gráinne, viatu vilevile vya mpira, na Fintan nyuma yake amekumbatia mkate mkubwa wa viazi uliofungwa kwa taulo.

"Tulikuwa tunapita," alisema Gráinne.

"Mmevuka bahari mkipita?"

"Nóra katuambia tusirudi bila kukuona. Tumekuja kukaa siku mbili, kama unayo nafasi."

Meinir alishaushika ule mkate. "Siku mbili za nini? Nyie ni wageni au posta? Ingieni, mkae wiki. Fintan, mwanangu, vua koti. Nampigia Eluned alete keki, Dilys alete kila kitu kingine."

Akaweka birika motoni, akatoa vikombe vizuri.