Enzi Gemu Zilipokuwa na Mwisho

Enzi zetu gemu ilikuwa na mwisho. Nasema na ninyi mliokulia Kampala kabla simu hazijaingia mifukoni, maana vijana wa leo nikiwasimulia hunitazama kama ninayedai tulichonga televisheni kwa shoka.

Tulichezea Kyebando, sebuleni kwa Hajati Zamu. Hajati alikuwa Mnubi, mjane, msukaji wa kawa za kufunikia chakula, zile nyekundu na zambarau ambazo bila yake bibi harusi hakuwa amekamilika. Mdogo wake aliyeuza mitumba soko la Owino alimletea siku moja mashine ya gemu, waya wake umefungwa kwa plasta ya kidonda, na kaseti moja tu. Hajati akaiweka chini ya televisheni ya marehemu mumewe na kutangaza sheria: sarafu moja kwa mtoto, viatu mlangoni, miguu ioshwe. Ukishatoa sarafu yako unacheza mpaka uchoke. Ukifa, unampa pedi ya kuchezea aliye kulia kwako, kama sinia inavyozunguka.

Jirani yake mwenye duka alimshauri atoze kwa dakika, kama walivyofanya mjini. Hajati hakuinua hata macho kwenye kazi yake.

"Mtoto anayetazama saa hachezi," alisema. "Halafu mimi mwenyewe nataka kujua huyu kijana anaenda wapi."

Kijana huyo ndiye aliyekuwa ndani ya gemu: kamtu kafupi kenye mkuki, kazi yake kuvuka madaraja saba. Tulimwita Musa, kwa kuwa hakuishiwa maji mbele yake. Hajati ndiye aliyeamua kwamba Musa anamtafuta mama yake. Hakuna aliyempinga, mandazi yalikuwa yake.

Na kila daraja lilikuwa na akili yake. Kwenye la tatu kulikuwa na mamba aliyelala ukisimama kimya, na watoto wa Kyebando tulijifunza subira kwa mamba yule kuliko kwa walimu wote. La tano lilikuwa na upepo, ukitembea bila kuufuata unaanguka. Ukishindwa, umeshindwa wewe, na wiki iliyofuata vidole vyako vilikuwa vimejua kitu zaidi. Wanangu nimewaambia nilikuwa bingwa. Ukweli ni kwamba mamba alinila mihula miwili mfululizo. Bingwa alikuwa kaka yangu Rama.

Tatizo letu lilikuwa alasiri. Gemu ile haikukumbuka ulipofikia. Ukizima, umerudi daraja la kwanza. Nasi tulianza kila Jumamosi baada ya adhuhuri, na adhana ya alasiri ikisikika tu Hajati alizima kila kitu. "Picha na sala havikai chumba kimoja." Kwa hiyo kila Jumamosi Musa alifia daraja la sita, si kwa adui, kwa muadhini. Rama alifika mpaka kumwomba muadhini acheleweshe kidogo, "kwa dharura." Alirudi sikio moja limekuwa jekundu.

Kisha ikaja habari mbaya. Mdogo wake Hajati alikuwa amepata mnunuzi, na mashine ingerudi Owino siku ya Jumapili. Ilibaki Jumamosi moja.

Siku hiyo hakuna aliyegombea zamu. Tulimwachia Rama pedi, sisi wengine tukawa wa kumpepea na kumfuta jasho. Akavuka la tano, akavuka la sita. Alikuwa katikati ya daraja la saba adhana ilipoanza. Hajati akasimama, mkono ukaenda kwenye swichi.

"Huyu mtu anaweza kusimama?" aliuliza.

"Anaweza, Hajati. Nikibonyeza hapa anasimama."

"Asimame."

Akachukua kawa kubwa kuliko zote, ya bibi harusi fulani, akaifunika televisheni kama anayefunika wali. "Haya, udhu!" Sijaona tena unyenyekevu wa kasi namna ile.

"Wewe Rama, hiyo ni sala au unafukuzwa na mbwa? Rudia!" Hajati alimkemea.

Akarudia, masikini, taratibu.

Kawa ilipoinuliwa, Musa alikuwa palepale. Rama akamvusha. Muziki ukabadilika, ukawa mpole, na kutoka kibanda kidogo akatokea mwanamke mwenye bakuli mkononi. Maandishi yakajaa kwenye kioo, ya Kijapani nadhani, kama miguu ya sisimizi.

"Yanasemaje?" niliuliza.

Hajati, ambaye hakusoma hata darasa moja, aliyasoma bila kusita: "Yanasema, amefika. Sasa na nyie nendeni kwenu, mama zenu wanawangoja." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya shali.

Sisemi waliotengeneza gemu ile walikuwa mawalii. Walitaka pesa kama wengine. Lakini walikuuzia kitu kizima, kilichokwisha kupikwa, na wakitaka pesa yako tena ilibidi wapike kingine kitamu zaidi. Siku hizi unauziwa sufuria, chumvi inakuja mwezi ujao kwa malipo mengine.

Binti yangu Salma, wa miaka kumi, hucheza kwenye simu hapa nyumbani kwetu Mbuya. Kuna msichana anayekimbia na taa, mchoro mzuri ajabu, Musa wetu angeona haya. Ila kila akikaribia mahali patamu anaanguka, na simu inasema: ngoja kwa muda wa saa nne, au nunua moyo. Mamba wetu aliwekwa ili tumshinde. Wa Salma amewekwa ili tulipe. Na nimelipa! Mimi mwenye shahada mbili, niliyewahi kuandika makala kali dhidi ya uroho wa makampuni, nimetuma pesa kwa simu kununua mioyo mitano, kwa sababu mtoto alinitazama akasema "bambi, Maama," kwa Kiganda chake cha kubembeleza.

Juzi nilimuuliza, "Huyu msichana anaenda wapi?"

"Haendi mahali, Maama. Anakimbia tu."

"Na akifika mwisho?"

Akacheka. "Hakuna mwisho. Ukikaribia, wanaongeza. Gemu ikiisha, nani atawalipa?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Jumamosi ile, Rama na mimi tulirudi nyumbani jua bado kali, viatu mkononi, bila kusemezana. Si kwamba tulikuwa na huzuni. Tulikuwa tumeshiba. Kwa mwendo wote ule hapakuwa na kitu chochote duniani nilichokitaka. Salma ana gemu arobaini kwenye simu yake, na sijamwona hata siku moja akiiweka chini na uso wa namna hiyo. Naelewa. Mtoto asiyetaka kitu, kampuni itamuuzia nini?