Kumi na Wanane kati ya Mia Tisa

Dorca Aloo ni karani wa takwimu za afya mjini Kisumu, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Kazini wanamjua kwa swali lake: "Kati ya wangapi?" Kipindupindu kilipozuka, swali hilo liliwachosha wote.

Jedwali la wiki ya kwanza lilionyesha mtaa mmoja mkubwa wa mjini ukiwa na wagonjwa themanini na wanne. Rakwaro, ufuo mdogo wa wavuvi, kumi na wanane. Mkubwa wa Dorca, Daktari Wesonga, akaamuru lori la maji na dawa za kusafisha maji vipelekwe mtaani.

"Daktari, mtaa ule una watu elfu sitini," Dorca alisema. "Rakwaro hawafiki elfu. Mjini ameugua kama mtu mmoja katika kila elfu. Rakwaro ni ishirini."

"Hao watu wa Rakwaro umewatoa wapi? Sensa imewachanganya na vijiji vyote vya lokesheni."

"Nimewahesabu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, pamoja na mwenyekiti wa ufuo, Mzee Oketch. Ni mia tisa."

"Hiyo si hesabu rasmi, Mama. Niwaambie wakubwa kumi na wanane ni wengi kuliko themanini na wanne? Watanicheka."

Dorca alichora grafu upya, akaandika barua, akapiga simu. Akaambiwa asubiri. Mzee Oketch naye alimpigia kila asubuhi. "Binti yangu, kutuhesabu ulituhesabu. Maji yako wapi?"

Wiki ya pili wagonjwa wa Rakwaro walifika hamsini na mmoja. Watatu walikufa, mmoja wao Agneta, muuza dagaa wa omena aliyempa Dorca kiti na kikombe cha uji siku ile ya kuhesabu. Mkutanoni, Daktari Wesonga alisema Rakwaro imelipuka ghafla.

Dorca alisimama. "Si ghafla. Ilikuwa kwenye karatasi yangu tangu Jumanne ya kwanza."

Mtu akakohoa.

Lori lilifika Rakwaro kesho yake, na baada ya wiki tatu ugonjwa ukaisha. Siku hizi kila jedwali lina safu ya wagonjwa kwa kila watu elfu, na Daktari huwaeleza wageni kwamba ni wazo la ofisi. Dorca hajadai sifa. Alimwomba tu waende pamoja kuipa pole familia ya Agneta. Mpaka leo, kila akimkumbusha, Daktari ana mkutano.