Kochi la Wakwe wa Dallas

Daktari alipoutaja ugonjwa wangu, sayatika, nilidhani ananiambia jina la mtaa wa Nairobi. Ni jina zuri kwa kitu chenye tabia mbaya namna ile.

Niliupata kwa ujinga wangu mwenyewe. Ulikuwa msimu wa viazi hapa Kiirua. Lori lilikuwa limesimama kando ya shamba, vijana wa kupakia wameketi juu ya magunia wakitazama simu, na mimi nikaona niwafundishe kazi. Niliinama, nikalikumbatia gunia, nikalinyanyua mpaka magotini.

"Mzee, wacha hiyo, utavunjika," mmoja wao akasema.

Nikamwambia nilikuwa nikibeba magunia kabla babake hajaota ndevu. Kisha kitu kikalia kiunoni kama kijiti kikavu. Nililishusha gunia polepole, kwa heshima, kana kwamba nilikuwa nimebadilisha nia tu, nikaenda nyumbani nikitembea kama kaa.

Maumivu yalianzia tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja, yakapita pembeni mwa muundi hadi kidole kidogo cha mguu. Ni kama mtu amepitisha waya wa stima humo ndani, na swichi anayo yeye. Nikisimama, yalipungua. Nikitembea, nilivumilia. Nikiketi, hasa mahali laini, swichi iliwashwa. Nilianza kula nikiwa nimesimama, sahani juu ya kabati, na mke wangu akawa anasema amefuga farasi.

Kabla ya hospitali nilipitia kwa rafiki yangu wa siku nyingi, mwenye bucha kule Majengo, mjini Meru. Huyo ana dawa ya kila kitu, na dawa zote zinatoka kwa mnyama mmoja au mwingine. Alinipa bakuli la supu ya miguu ya ng'ombe na chupa ya mafuta ya mkia wa kondoo.

"Supu kunywa, mafuta paka," akasema. "Usichanganye."

"Na nikimaliza?"

"Ukimaliza, pitia hapa nikuangalie. Ukiwa umenona nitakutundika pale mbele."

Supu ilikuwa tamu. Mafuta yalifanya mbwa wa jirani anipende. Mguu haukusikia lolote.

Mwishowe mke wangu alinipeleka kwa daktari. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye macho yasiyodanganyika. Alinilaza chali, akainua mguu wangu ukiwa umenyooka, nami nikatoa sauti ambayo wagonjwa wa nje waliisikia. Akanieleza kwamba kuna kitu kimesogea kiunoni na kinaubana mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni, kwa hiyo mguu wenyewe hauna kosa, unapelekewa tu habari mbaya kutoka juu. Alinipa mazoezi ya kunyoosha mgongo, na vidonge vya maumivu ya mshipa.

"Hivi si kama vile vya kichwa," akasema. "Hutaona kazi yake leo wala kesho. Tutaanza na kidogo, tupandishe polepole. Vitakuletea usingizi na kizunguzungu, hasa mwanzoni. Na mzee, nisikilize hapa: usiviache ghafla. Ukitaka kuviacha, njoo tuvipunguze pamoja. Unatafuna miraa?"

"Kidogo," nikasema.

Mke wangu akakohoa. Daktari akaandika bila kuuliza tena.

Alisema kweli kuhusu usingizi. Wiki za kwanza nilitembea kama mtu aliye ndani ya maji. Nilisinzia kanisani, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Lakini siku moja nilisinzia katika mkutano wa mradi wa maji wa kijiji, na niliamshwa na makofi. Nilikuwa nimechaguliwa mwenyekiti. Walisema walipouliza kama nakubali, niliinamisha kichwa. Hadi leo watu hunipigia simu mifereji ikikauka.

Hata hivyo, taratibu, mguu ulianza kutulia. Nikaweza kumaliza chai nikiwa nimeketi. Mkono wa mwenye swichi ulikuwa unachoka. Na hapo ndipo mambo ya kitinda mimba wangu yalipoingia.

Alikuwa amepata mchumba, msichana wa Embu ambaye wazazi wake wanaishi mtaa wa Dallas, pale mjini. Aliponiletea habari hiyo mara ya kwanza, nilikuwa nachagua mbegu za viazi, nikamuuliza, "Kwani wasichana wa Meru wameisha?" Nilikuwa natania. Yeye alicheka kidogo akaenda kuwanywesha ng'ombe. Sikulifikiria tena neno hilo. Yeye alilifikiria sana, nami sikujua.

Siku ya kwenda kwa wakwe ikapangwa. Huku kwetu baba wa mvulana hana maneno mengi siku hiyo. Anayesema ni msemaji, na wetu alikuwa ndugu yangu mdogo, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kukosa la kusema. Kazi ya baba ni kuketi. Anaketi, anaonekana, uso wake unawaambia wenyeji kwamba ukoo wote umekubali. Anainuka mazungumzo yakiisha. Akiinuka kabla, amekataa ndoa, ameondoka na mvulana wake, na kurudi tena si rahisi.

Nikawaza: nikisinzia kwenye kochi la watu, nitaamka nimekubali nini? Na mguu ulikuwa umetulia. Kwa hiyo, wiki moja kabla ya safari, niliacha vidonge. Sikumwambia daktari. Mke wangu alikuwa akiniletea kidonge na maji kila jioni kama mtu anayelisha ndama. Nilikiweka chini ya ulimi, nikanywa maji, nikasubiri ageuke, nikakitia katika mfuko wa koti langu jeusi lililotundikwa nyuma ya mlango. Nilijiona mjanja.

Siku chache tu na usingizi ulikimbia, jasho likaja, na mwenye swichi akarudi kutoka likizo. Siku ya safari nilivaa lile koti jeusi, tukaingia kwenye gari la kukodi, mke wangu na dada zake wakafuata katika gari la pili.

Barabara ya Meru kwenda Embu ina kona nyingi, na kila kona niliihesabu kwa tako la kushoto. Nilisimamisha gari Nkubu, nikalisimamisha Chuka, nikalisimamisha Runyenjes, kila mara nikisema nataka kwenda haja ndogo, kumbe nilitaka tu kunyoosha mguu nyuma ya mti.

"Wewe kibofu chako ni cha panya," ndugu yangu akasema.

"Ni chai ya asubuhi."

"Chai gani? Sote tulikunywa chai."

Mwanangu alikuwa kwenye kiti cha mbele. Hakucheka. Alinitazama kwa kioo kila niliporudi, na nikaona anafikiri kitu, nikadhani ni woga wa bwana harusi.

Tulipofika Dallas tulipokewa kwa nyimbo. Sebule ilikuwa imejaa, vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kiti, na mimi, kwa heshima yangu, nikaonyeshwa kochi kubwa karibu na dirisha. Lilikuwa kochi la kifahari kwelikweli. Nilipoketi lilinimeza. Magoti yangu yakaja karibu na kidevu, na waya ukawaka kutoka kiunoni hadi kidoleni.

Ndugu yangu alitoa kitita chetu cha miraa ya heshima, kilichofungwa kwa majani ya mgomba kama desturi yetu inavyotaka. Msemaji wao, mjomba wa msichana, mtu mwenye tumbo na mzaha, akakipima mkononi.

"Wameru wametuletea kuni," akawaambia watu wake. "Sisi huku tunatafuna muguka. Majani laini."

"Majani tunawapa mbuzi," ndugu yangu akamjibu. "Lakini tukioana, tutawafundisha mbuzi wenu."

Watu wakacheka. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Walikuwa watu wazuri. Ningeweza kusema neno moja mlangoni, "Mgongo wangu ni mgonjwa, nipeni kiti cha jikoni," na wangenipa. Nilikuwa na miaka zaidi ya sabini na niliona aibu kusema nina mgongo.

Nilijaribu kuhamia tako la kulia. Nikajaribu kuegemea. Jasho likaanza kunitoka usoni. Mjomba alikuwa katikati ya swali, akiuliza kama ukoo wetu wote unamtaka huyu msichana wao, ndugu yangu amefungua mdomo kujibu, na mwenye swichi akaamua kuikanyaga kwa mguu. Sikupanga. Nilishtukia nimesimama.

Sebule nzima ikanigeukia. Hata akina mama waliokuwa wakipanga sahani jikoni walichungulia.

Mjomba alikiweka kile kitita mezani. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Kama wageni wetu wamejibu," akasema, "sisi hatufungi watu kwa kamba."

"Keti," ndugu yangu akaninong'oneza kwa Kimeru. "Keti, wewe! Umepatwa na nini?"

Sikuweza kuketi, na kwa sababu ya maumivu sikuweza kusema pia. Nilishikilia mgongo wa kochi. Mwanangu akainuka kutoka kule walikoketi vijana, akaja hadi mbele yangu, na uso wake sitausahau. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu ambaye jambo alilolingojea limefika.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "ni kwa sababu si wa Meru?"

Mbegu za viazi zikanirudia, na mzaha wangu, na kicheko chake kidogo. Alikuwa amelibeba lile swali miezi yote hiyo. Nyuma yake, mlangoni, alisimama msichana mwenyewe na trei ya vikombe, na alikuwa amesikia.

"Hapana," nikasema. "Hapana, mwanangu."

Nikaingiza mkono mfukoni nitoe kitambaa nijipanguse. Kitambaa kilitoka, na vidonge vyangu vyote vya wiki nzima vikatoka nacho. Vilianguka juu ya vigae, vikatawanyika chini ya meza, kimoja kikaenda kusimama miguuni pa nyanya wa msichana, mwanamke mzee mwenye leso na meno machache. Alikiokota, akakiinua kwenye mwanga.

"Mkwe," akaniuliza, "unapanda mbegu nyumbani kwetu?"

Mke wangu alikuwa ameketi upande wa akina mama. Aliinuka polepole sana. "Hivyo ndivyo vidonge nilivyokupa?"

"Ndivyo."

"Vyote?"

"Vyote vya wiki hii."

"Na maji niliyokuwa nikikuletea?"

"Maji nilikunywa."

Mtu mmoja jikoni akacheka, akajizuia. Basi nikasema yote, nikiwa nimesimama pale katikati ya ukoo wa watu. Nikasema kuhusu gunia, mshipa, usingizi, mwenyekiti wa maji na miti ya Nkubu, Chuka na Runyenjes. Nikamgeukia mwanangu, maana yeye ndiye aliyekuwa akidai jibu. Nikamwambia kwamba siku ile ya mbegu nilitania, na kwamba mzaha ule ulikuwa wa kijinga kuliko gunia. Nikamwambia msichana vivyo hivyo, kwa kuwa naye alistahili kulisikia kutoka mdomoni mwangu. Nikasema ninamtaka, na nimesimama kwa sababu ya kochi lao tu.

Mjomba alikichukua tena kile kitita. "Kwa hivyo aliyekataa," akasema, "ni tako."

"La kushoto," nikasema.

Hapo hata mwanangu alicheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakatikisika, na sikuwa na hakika kama chote kilikuwa kicheko. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaushikilia hivyo. Nyanya akaagiza nitolewe kwenye lile kochi nisije nikavunja ndoa ya watu. Wakaniletea kiti cha mbao kutoka jikoni, kigumu, kilichonyooka mgongo, na ruhusa ya kuinuka kila nitakapo bila mtu kukasirika. Niliinuka mara nyingi. Kila nilipoinuka mjomba alisimamisha mazungumzo akauliza, "Huyo anakwenda?" na ndugu yangu akajibu, "Anapumzisha tu yule msemaji wake wa pili." Tulimaliza jioni, tukala mukimo, na tulikubaliana.

Njiani kurudi mke wangu alihamia gari langu. Alihesabu vile vidonge mkononi hadi Chuka. Hapo akasema, "Ungeniambia," na alikuwa na haki.

Daktari naye alinikaripia kwa upole, ambao ni mbaya kuliko makelele. Tukaanza upya kutoka chini, kidogo kidogo. Ikachukua muda mrefu kufika pale nilipokuwa nimeshafika. Bado kuna asubuhi ambazo waya unawaka, na nimekubali kwamba pengine hautazimika kabisa. Nafanya mazoezi yangu juu ya mkeka, kuku wakinitazama. Usiku naweka kidonge ulimini, nakunywa maji, kisha nafungua mdomo mke wangu aangalie, kama mtoto. Sioni uonevu hapo.

Katika picha ya harusi iliyo ukutani kwa mwanangu, wazee wote wa pande mbili wameketi mbele, safi kabisa, mikono magotini. Mimi peke yangu nimesimama nyuma ya kiti changu kitupu. Wageni wasiojua huuliza yule mzee ana majivuno gani. Mkwe wangu huwaambia, na huanzia kwenye vidonge.