Mbwa Aliyekuwa na Nyumba Mbili

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni katika uwanja wa shule hapa Lamadi, kamba mkononi, mbwa wetu amekaa miguuni kwangu anahema. Ilikuwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwanangu wa miaka saba alikuwa amening'ang'ania sketi kwa kuogopa mbwa wa watu. Kijana aliyekaa mezani akaniuliza bila kuinua uso, "Jina la mbwa?" Nikamtajia. "Jina la mwenye mbwa?" Basi hapo, rafiki yangu, nikaduwaa. Machozi yakaanza kunitiririka mbele za watu, na wale walio nyuma yangu wakadhani nimepigiwa simu ya msiba. Mwanangu ndiye aliyelitaja jina langu.

Sikuwa na msiba. Swali lile lilikuwa limenirudisha Nkoma, kwa bibi, nikiwa na miaka kumi.

Mama yetu alikuwa huku ziwani akihangaika na biashara ya samaki, na mimi na mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, tukaachwa kijijini kwa bibi na babu. Nikikumbuka nyumba ile, kitu cha kwanza kinachonijia ni weupe. Msimu wa mavuno uwanja mzima ulijaa pamba juu ya maturubai, nasi tunachambua, safi huku na fifi, ile chafu ya bei ya chini, kule, vidole vimechubuliwa na maganda. Bibi alikuwa akinitania kwamba msichana asiyejua kutenganisha pamba ataolewa na mwanamume wa daraja la fifi. Juu ya mwamba nyuma ya nyumba michembe ilianikwa, vile vipande vya viazi vitamu, na jioni tulikula matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa karanga huku mikono bado ina nyuzi za pamba. Sijala tena chakula kikanishibisha vile.

Na mbwa alikuwepo. Kahawia, mguu mmoja mweupe, sikio moja halisimami. Sasa hapa nikueleze jambo, kama wewe si mtu wa kwetu. Zamani kule, ukiwa na neno na jirani ambalo huwezi kumwambia usoni, ulimpa mbwa wako neno hilo liwe jina lake, halafu kila siku unamwita kwa sauti kubwa. Jirani anasikia, na hana la kukufanya, kwa sababu wewe unaita mbwa wako tu. Mbwa wetu bibi alimpa jina la Sijasahau.

Sisi watoto tulimfupisha tukamwita Sija. Lakini jioni bibi alitaka jina zima, na kazi hiyo alinipa mimi kwa kuwa nilikuwa na koo. Nilisimama karibu na ua wa minyaa, nikaita, "Sijasahau! Sijasahauuu!" mpaka ndege wanaruka. Nilijivunia sauti yangu. Sikuwahi kujiuliza ni nani hajasahau, na ni kitu gani.

Upande wa pili wa minyaa aliishi bibi mwingine, peke yake. Tulikatazwa kumsalimia. Tulikatazwa kunywa maji yake, hata kumrudishia kuku wake akivuka. Kisa chenyewe nilikiokota vipande vipande kwa wakubwa. Miaka mingi kabla sijazaliwa, mbwa wa bibi yule alipata kichaa akamuuma binti wa kwanza wa bibi yangu. Mtoto alikufa vibaya, akipiga kelele kila alipoona maji. Watu wakasema mbwa hawezi kuuma mtoto wa jirani bila kutumwa na mwenyewe. Mume wa bibi yule akahama, nduguze wakaacha kuja. Nyumbani kwetu jina la mtoto huyo halikutajwa tena. Bibi, ambaye kama ilivyo desturi alikuwa akiitwa mama wa mtoto wake wa kwanza, watu wakaanza kumwita kwa jina la mama yetu, mtoto wake wa pili. Mimi nilikua bila kulijua lile jina la kwanza.

Sija yeye hakuwa na habari na ugomvi wa watu. Akishamaliza ukoko wa ugali asubuhi, anapotea. Anarudi jua limeinama, mdomo unanuka dagaa, na sisi hatujapika dagaa wiki nzima! Siku moja nikamfuata. Akapenya chini ya minyaa, nami nikalala kifudifudi nikachungulia.

Bibi yule, niliyeambiwa kwamba akikutazama tu umekwisha, alikuwa amekaa kwenye kigoda, na kichwa cha mbwa wetu kiko mapajani mwake. Alikuwa akimtoa kupe masikioni, mmoja mmoja, anawatupa kwenye kopo la majivu. Na alikuwa anaongea naye.

"Mgeni," alimwambia, "yule mdogo kikohozi kimepona? Jana sikumsikia. Na bibi yao, mgongo unasemaje?"

Mbwa akapumua. Yeye akangoja kidogo, kama mtu anayejibiwa, kisha akaitikia, "Haya, afadhali."

Nilirudi kinyumenyume nikiwa na mavumbi tumboni na siri nzito kuliko umri wangu. Mgeni! Alimwita hivyo kwa sababu hakukuwa na kiumbe kingine kilichovuka kizingiti chake. Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku ile, nikimwona bibi yangu akipuliza moto jikoni huku Sija ameegemea mgongo wake, na bibi anamnong'oneza mambo ambayo hakuwahi kumwambia babu, niliacha kazi nikawatazama. Mbwa mmoja alikuwa akisikiliza pande zote mbili.

Kila mwaka bwana mifugo alipita na kipaza sauti akitangaza chanjo ya mbwa. Kila mwaka babu alikataa. "Mbwa akichomwa sindano anakuwa bwege," alisema. "Anaacha kubweka. Mwizi anakuja kuchukua ng'ombe, yeye anatikisa mkia." Na si babu peke yake, wazee wengi pale waliamini hivyo, wakicheka wale waliopeleka mbwa wao.

Sasa ile siku. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, tumekaa uwanjani tunachambua pamba. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni ya turubai anachezea gunzi. Nikaona mbweha anaingia langoni. Mbweha, mchana kweupe, anatembea kama mlevi, mate yanamning'inia. Nilitaka kupiga kelele, koo langu lile la kujivunia likakauka kabisa. Alikuwa anamwendea mtoto.

Sija alitokea sijui wapi. Niliona tu pamba inaruka juu na wanyama wawili wanabingirika ndani yake. Bibi alimnyakua mtoto kwa mkono mmoja. Babu na vijana waliokuwa wakipita na ng'ombe wakaja na marungu, wakammaliza mbweha. Vumbi lilipotulia, Sija alikuwa amesimama katikati ya turubai, sikio linavuja damu juu ya pamba safi, anatutazama na kutikisa mkia.

Hakuna aliyemgusa. Kila mtu pale alijua mbwa aliyeumwa na mnyama mwenye kichaa anafanywa nini. Babu akaliokota rungu tena. Nilimrukia bibi, nikamshika kiuno, nikalia amkataze. Bibi hakunitazama. Alikuwa amemkumbatia mtoto mpaka mtoto analalamika, na akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mmalize. Mmalize upesi."

Nilishtuka kiasi kwamba kilio kilikatika. Huyu ndiye aliyekuwa akimwachia ukoko! Huyu ndiye aliyekuwa akimnong'oneza jikoni, na mbwa ametoka sasa hivi kumwokoa mjukuu wake!

"Mwadila," sauti ikasema langoni.

Alikuwa ni bibi wa upande wa pili. Mwanamke ambaye hakuwa amekanyaga kwetu tangu kabla mama yangu hajazaliwa, amesimama uwanjani, pekupeku, anahema. Hakuna aliyeitikia salamu. Vijana walirudi nyuma. Akafungua fundo la kanga, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi tatu ngumu za manjano. Akapita mbele ya babu na rungu lake akaja moja kwa moja kwangu.

"Soma, ng'wanone, mwanangu," akaniambia. "Mimi sijui kusoma. Wewe unasoma."

Nilikuwa darasa la nne. Nikasoma kama tulivyofundishwa, kwa sauti na kidole chini ya neno. "Kadi ya chanjo. Jina la mbwa, Mgeni. Rangi, kahawia, mguu mmoja mweupe. Jina la mwenye mbwa, Mama..." Na hapo likafuata jina la mtoto ambalo sikuwahi kulisikia maishani. Nikachukua kadi ya pili, mwaka mwingine, jina lilelile. Ya tatu, vilevile. Na mimi, kwa ujinga wa utoto, nikauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu mama ni nani?"

Bibi alikaa chini. Hakukaa kwenye kigoda wala turubai, alikaa palepale mavumbini, mtoto akiwa mikononi.

"Wakati wa mbwa wangu sindano hizi hatukuzijua," bibi yule alisema, na alikuwa akimtazama mbwa, siyo sisi. "Niliposikia zimekuja, nikasema huyu analala mlangoni kwa wajukuu wa jirani yangu. Nilimpeleka kijiji cha mbali, wasikonijua. Wakaniuliza mbwa ni wa nani, nikawatajia." Kisha akamgeukia babu. "Miaka mitatu anachomwa, baba. Umewahi kumsikia ameacha kubweka?"

Rungu la babu lilishuka lenyewe. Mpaka leo sijui kama aliliweka au lilimponyoka.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki jioni ileile. Alimchoma Sija sindano nyingine, akampapasa mdogo wangu mwili mzima akitafuta mkwaruzo, asiuone. Akasema kwa kuwa mbwa alikuwa amechanjwa, asiuawe, ila afungwe kwa wiki kadhaa aangaliwe. Babu akasema hatamfunga kwake. "Nitakaa naye mimi," bibi yule akasema, akaondoka naye.

Siku tatu bibi yangu alipika ukoko mnene kuliko kawaida na kunituma niuweke kwenye minyaa. Siku ya nne alijifunga kanga, akachukua bakuli mwenyewe, akatoka kwa lango na kuingia kwa lango la pili. Nilimfuata.

Usidhani walikumbatiana. Walikaa kila mmoja upande wake wa mbwa. Halafu bibi akamwambia mbwa, "Mwulize mwenye nyumba kwa nini hakuniambia." Na yule akamjibu mbwa, "Mwambie ningemtuma nani?"

Ndivyo walivyoongea wiki zile zote. "Mwambie dagaa zake zina mchanga." "Mwambie na yeye aje na zake." Mbwa alikaa katikati, amefungwa kwenye mti, akigeuza kichwa huku na huku kama mwenyekiti wa kitongoji. Mimi nilikuwa nacheka mpaka nafukuzwa. Jina lile la kuitwa jioni bibi hakunituma kuliita tena. Siku ya kumfungua mbwa ilipofika, hawa wawili walikuwa wamezoea kuzozana, wakaendelea bila yeye. Sija aliishi miaka mingine minne akilala anakotaka, akafa kwa uzee kivulini, tumbo limejaa.

Nilikuwa sekondari, nimerudi likizo, bibi wa upande wa pili alipofariki. Nilidhani kijiji kimebadilika. Hakikubadilika kiasi hicho. Watu walikuja, ndiyo, lakini walisimama mbali, na ulipofika wakati wa kumwosha maiti wanawake wakaanza kutazamana. Bibi yangu akawapita. Akaomba maji, akaingia ndani, akafunga mlango, akamwosha peke yake, taratibu, na mgongo wake ule mbovu.

Nilimngoja nje. Alipotoka, mikono imelowa mpaka viwikoni, nilikuwa bado nimeshikwa na mshangao, nikamuuliza ameweza vipi, baada ya yote yaliyotokea. Akajifuta taratibu kwa ncha ya kanga.

"Ng'wanone," akasema, "nchi nzima hii, ni huyu peke yake aliyekuwa bado analitaja jina la mwanangu."

Bibi naye alimfuata mwaka uliofuata, na babu hakuchelewa. Mama yetu alizaliwa msiba ule umeshapita, hakuwahi kuambiwa jina hilo. Zile kadi za manjano ziliungua na takataka nyingine wakati wa kugawana vyombo, wala sikuwepo kuziokoa. Sasa jina la yule mtoto nalijua mimi tu.